Mlango wa Kulia

"Ndoa yenu njo ya mila ao ya Leta?" karani wa korti alimuuliza Mwavita.

Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alimwahi kujibu. "Ya mila, sitwayeni. Kila muntu anajua."

Karani alinyoosha mkono kuelekea mlango wa kushoto. Humo wazee waliamua kwa mila, na kwa mila ya ukoo wao watoto wa marehemu huchukuliwa na ndugu zake. Ndoa za Leta, zilizofungwa mbele ya serikali, zilikuwa za jaji, mlango wa kulia, na huko mama angeweza kuachiwa watoto wake.

Shemeji alikwisha kunyanyuka. Alimshika binti wa Mwavita kwenye kifundo cha mkono, na pale vidole vilipobana, ngozi ya mtoto ilikunjamana.

 Mume wa Mwavita alikuwa amempeleka Lokandu kwa siri, wakaoana mbele ya ofisa wa serikali, maana aliwajua ndugu zake. Lakini tangu msiba ni ndugu hao waliomlisha, na nyumba anayolala ni yao.

"Twende, shemeji. Wazee wanangoja."

"Njo ya Leta," Mwavita alisema.

"Unasema nini?"

"Tulioana Lokandu. Ofisa iko hai, mumuulize."

Shemeji aligeuka polepole. "Na leo utalala wapi?"

 Mwavita alimfuata, akapenyeza vidole vyake chini ya vidole vya shemeji, akaanza kuvibandua kwenye mkono wa mtoto.