Kipande cha Mwisho

Msusi alikuwa amekikata kitabu vipande vitatu. Tamthilia ya runinga ya safari za anga iliishia nahodha akipotea kati ya nyota, kitabu ndicho kilichoendeleza kisa, na saluni nzima hakuna aliyekubali kungoja zamu.

"Mwanzo unachosha," alisema mteja aliyeusoma.

"Shoga, ungefika katikati. Mimi niliunguza mboga," alijibu mwenzake.

"Mimi nataka kujua moja tu," alisema msusi. "Nahodha anarudi kwa mwanawe?"

Kipande cha mwisho alikuwa nacho wifi yake, chini ya mashine ya kukaushia nywele, hasikii neno. Kidole chake kilifuata mistari polepole, kikasimama. Mabega yakaanza kutikisika.

Msusi akazima mashine.

"Wifi, wengine tuna presha. Sema."

Wifi akainua uso, machozi mpaka kidevuni, meno yote nje.