Sahani ya Tatu

Hadithi yoyote inayoingia kwenye vishikwambi vya shule lazima iishe vizuri. Ikiisha vibaya, mashine huirekebisha yenyewe, maana mtoto mwenye huzuni huchelewa kujua kusoma.

Mama Nakiete alilijua sharti hilo, ila alidhani linahusu hadithi za sungura na fisi. Alipoambiwa arekodi hadithi ya nyumbani, alisimulia jinsi mumewe, Eliamini, alivyofukiwa na kifusi machimboni akafa. Wiki ile ile Nakiete, aliyekuwa hawezi hata kuunganisha silabi, akasoma kurasa nne bila kukwama. Sauti ya mama yake kwenye kishikwambi ilimwongoza kwa maneno ambayo mama hakuyasema: "Baba akatoka kwenye kifusi. Ijumaa atarudi nyumbani."

Kila Ijumaa Nakiete akawa anaandaa sahani ya tatu.

"Mwalimu, naomba muifute," mama alisema.

"Mama Nakiete, tukiifuta atarudi kwenye a, e, i, o, u. Ndicho unachotaka?"

Ijumaa ya tano mama alimshika mtoto mkono, wakaenda migombani nyuma ya nyumba, akafagia majani makavu juu ya saruji ya kaburi.

"Soma."

Nakiete alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye maandishi bila mashine yoyote. "Eliamini Mshana. Alifariki tarehe tisa Mei. Pumzika kwa amani."

Alisoma vizuri kabisa. Mama akasubiri alie.

"Wamekosea, Mama," mtoto alisema, akakung'uta magoti. "Jumatatu nitamwambia mwalimu warekebishe na hili. Twende, chakula cha Baba kinapoa."