Saa Moja ya Polka

"Usiseme neno hewani," Trent, meneja mpya wa redio, alimwambia mtangazaji wake. "Chagua wimbo mmoja, mzee wangu, tuuzungushe mpaka kesho alfajiri. Watu wakishachoka nao, ndipo tunawafungulia roki. Redio zinabadilishwa hivyo."

Ambrose Zelenka hakuwa na nguvu ya kubisha. Katika redio hii ndogo ya Wisconsin alikwisha kubadilishwa mara nyingi mno. Walipotaka nyimbo za wachunga ng'ombe, alivaa kofia pana, ingawa redioni kofia haionekani. Walipotaka disko, akajiita Daktari Ambrose. Yakaja mahubiri, akajifunza kuitikia amina kwa sauti nzito. Mwishowe wakamrudishia polka, muziki wa kodiani wa mababu wa mji huo, Wacheki, na hapo roho yake ikatulia. Wamiliki walikuja na kuondoka. Kilichobaki wakati wote, hata enzi za disko, ni matangazo ya misiba ya asubuhi, kila tangazo likifuatwa na polka aliyoipenda marehemu.

"Niachie saa moja tu ya polka, Jumapili," aliomba. "Nikiikosa hiyo nitaongea na nani? Nyumbani nina paka, naye hanipendi."

Trent alijikuna kidevu. "Sikiliza. Leo simu zikilia, watu wakilalamika, saa yako unayo. Zisipolia, kubali yaishe."

Ambrose akachagua polka aliyocheza na marehemu mkewe siku ya harusi yao. Mji mzima uliijua hadithi hiyo, maana hakuchoka kuisimulia hewani. Mashine ikaanza kuuzungusha wimbo, naye akaketi kando ya simu.

Simu haikulia. Asubuhi ikapita, haikulia. Akainua mkono wa simu kuhakikisha ni nzima; ilikuwa nzima. Mchana alikula mkate wake na soseji huku akiikodolea macho simu. Hata Bernadine Kostka, ambaye hupiga simu kulalamika mtangazaji akipiga chafya, alikaa kimya.

"Pole, mzee," Trent alisema jioni, na safari hii alionekana kumaanisha. "Nilidhani angalau jirani mmoja."

"Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nausemesha ukuta," Ambrose alisema.

Iliuma. Alivaa koti, akaacha funguo mezani, akatoka bila kuaga.

Alipofika karibu na kanisa aliona magari yamejaa mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wakiingia ukumbini na mabakuli ya viazi vya jibini na sinia za maandazi ya plamu. Msiba, akajua mara moja. Alikuwa na njaa, na hakuwa tayari kwenda kumtazama paka. Akapitia mlango wa jikoni.

Bernadine alikuwa amempa mgongo, anakata nyama ya nguruwe.

"Amefariki nani?" Ambrose aliuliza. Sauti ilimtoka imekauka, maana siku nzima alikuwa amesema maneno machache tu.

"Wewe nawe umetoka wapi? Huna redio?" Bernadine alijibu bila kugeuka, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Tangu asubuhi wanampigia ile polka ya harusi yake, maskini Ambrose wetu. Mimi hata kupiga simu kuwapa pole nimeshindwa. Hebu shika kisu utukatie mkate, mji mzima uko humu."