Hongera ya Keki

"Hongera," tulimwambia Ornella alipoingia mkutanoni. Kwetu Uholanzi, mtu akisherehekea siku ya kuzaliwa, hongera hupewa wote waliomo, hata mgeni.

Mtaliano wa watu akadhani tumekubali kuichangia roboti yake ya kwenda Mirihi. Nchi nyingine zilikuwa zikitusubiri sisi tuamue. Tukikataa, ingebaki ghalani.

Akamkumbatia mjumbe wetu, mwenye siku yake, machozi yakimlowesha shati.

"Asante, mzee mbishi wewe. Nimekutukana njia nzima."

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mjumbe alisimama na kisu cha keki hewani, krimu ikimdondokea kiatuni.

"Mwambie ukweli basi," nilimnong'oneza.

"Ukweli gani?" akasema. "Shika hiki kisu, nimpigie waziri."