Tarakimu ya Kumi

Kwa miaka mitatu, kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, Bi Tausi alibonyeza namba ya Mwanaidi, mdogo wake waliyekosana naye. Alibonyeza tarakimu tisa kati ya kumi, kisha akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

Ijumaa hii fundi Kisamo alikuwa ameiunganisha simu ya mezani na kompyuta. "Kubonyeza namba basi tena, mama," alisema. "Bofya jina lolote, tujaribu."

Bi Tausi alishuka na orodha polepole, akasimama kwenye jina la Mwanaidi. Hivi kweli jina tu linatosha? Akabofya.

Simu iliyo mbele yake ikalia. "Ala! Mbona inanipigia mimi?"

Fundi akacheka. "Inakuita wewe kwanza. Ukiinua, ndipo inampigia yeye."

Akaiangalia ikilia mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akainua. Kwenye kioo kidogo cha simu tarakimu zikatokea zenyewe, zote kumi kwa mpigo, na huko mbali ikaanza kuita.

Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kitufe cha nne, ile tarakimu ya kumi ambayo hakuwahi kuibonyeza, hakina kazi.