Neno la Siri la Felisia

Felisia aliiweka simu mezani kwa fundi Tausi kama mtu anayerudisha unga wenye wadudu dukani.

"Dada, tutenganishe. Mimi na mume wangu tunatumia akili bandia moja. Jumapili nasoma somo kanisani, mara yangu ya kwanza tangu nianze shule ya jioni. Jana niliiomba inifundishe kutamka Nebukadneza, ikanijibu kwamba nimpe dawa ya minyoo."

"Si mbuzi alikuwa anaharisha?" alisema mumewe, Eliabu.

"Na leo imeniita mzee! Ee Mungu, nipe uvumilivu."

Tausi alicheka, akafungua akaunti mbili, kila moja na msaidizi wake. Ya mume iliisha upesi.

"Mama, neno lako la siri?"

"Andika Eliabu," mume akadakia. "Shamba lina jina langu, mbuzi wana alama yangu. Hata fomu ya shule yako ya jioni niliijaza mimi."

"Baba Nema!"

"Nakusaidia tu, mke wangu. Herufi zinakuchelewesha."

Felisia aliivuta simu. Akatoa kitenge begani, akajifunika kichwa pamoja na simu yenyewe. Eliabu alinyoosha shingo, hakuona kitu. Alisikia tu kidole kikibonyeza, kikitulia, kikibonyeza tena. Akawa anahesabu herufi kimyakimya. Zilipofika sita, idadi ya herufi za jina lake, alitabasamu.

Chini ya kitenge, kidole kiliendelea kubonyeza.