Jina Ubavuni mwa Boti

Wanafunzi waliandika YASINI ubavuni mwa boti yao ya rimoti, kwa rangi nyekundu, kumkumbuka mwenzao. Yeye ndiye aliyeichora, kisha akazama hapa hapa ufukweni Ushongo kabla haijaundwa. Mwili haukuonekana, na mama yake alikataa kabisa hitima isomwe.

"Hitima ya nani? Nionesheni kaburi," aliwaambia mashehe.

Leo walimwita aje kuona boti ikijaribiwa. Alikaa mchangani, karibu na msichana aliyeshika rimoti.

"Inakata kona vilevile alivyopiga hesabu, mama."

"Mtoto yule hesabu alizipenda kuliko wali," mama akasema, akacheka kidogo.

Boti ikapita mwamba. Msichana akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Haikugeuka.

"Ishakuwa mbali, rimoti haiifikii."

"Iite basi, labda ina masikio," mwenzake akamtania.

Wakaingia maji ya magoti, wanaita kwa mzaha, "Yasini, rudi! Yasini, rudi nyumbani!"

Kisha wote wakageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa amesimama. Haitazami boti, anatazama mbali zaidi. Kandambili ameshazivua, na sasa anaifunga kanga yake kiunoni, anakaza fundo.